Mashua ya Sura ya Kwanza

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Mwaka ule wa 1977 nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, na mume wangu Eugène akaniletea kitabu cha Kifaransa kuhusu meli za Waviking, mabaharia wa kale wa nchi za baridi. Alipewa na fundi mmoja Mnorwe aliyekuwa anarudi kwao. Eugène hujenga mashua hapa Baraka, kando ya ziwa. Shule aliiacha darasa la tatu. Aliniomba nimsomee. Sikuinua hata macho.

"Ngoja mitihani iishe."

Hakungoja. Alikwenda kwa Pulchérie.

Pulchérie aliuza chai na mikate karibu na kiwanja cha kazi cha Eugène. Alikuwa na miaka miwili ya sekondari. Mimi nina diploma. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, na kwenye karatasi zake, kama sisi sote, alikuwa na jina lingine, lakini ufukoni wote walimwita Pulchérie, na mume wangu alilitamka vizuri kupita kiasi.

Kila alasiri Pulchérie alimsomea. Nikitoka shule niliwakuta wanacheka, Pulchérie amekaa juu ya ubao wa muvula, mti mgumu wa mashua, ubao ambao mimi sikuwahi kuruhusiwa kuukalia.

"Baba Léa, banasema mbao zinalaliana," alimwambia Eugène siku moja. "Moja juu ya ingine, na misumari ya chuma."

"Kama magamba ya samaki."

"Ehe. Na kati yao banatia nyoya za banyama, maji isipite."

Basi Eugène alinunua nywele za mikia ya ng'ombe kwa wafugaji walioshuka sokoni kutoka milimani, na Pulchérie akazisokota kuwa kamba juu ya paja lake. Paja lake. Niliona kwa macho yangu.

Jumapili moja kitabu kilibaki nyumbani. Nilikisoma chote, mihogo ikichemka jikoni. Pulchérie alikuwa amefika mwisho wa sura ya kwanza tu, na mashua aliyokuwa anaijenga mume wangu ilikuwa ile ya zamani kuliko zote: chini ubao mpana, bila mkuku, chombo cha makasia peke yake. Watu wale walikaa mamia ya miaka kabla ya kutia mkuku, yaani mti mnene wa chini unaobeba chombo kizima. Ndipo mlingoti na tanga vikaweza kusimama. Baadaye wakajenga nyingine nyembamba za vita na nyingine pana za mizigo. Hayo yote yalikuwa sura ya tatu.

Na Eugène alikwisha kuchonga mlingoti. Fabien, mfanyabiashara wa samaki kutoka Mboko aliyeagiza mashua, alitaka tanga kwa sababu mafuta ya moteri yalikuwa hayapatikani.

Nilielewa vizuri kitakachotokea. Nikarudisha kitabu mahali pake. Nilitaka aone mwenyewe anasomewa na nani.

Jumamosi, watu walipomaliza salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, waliisukuma mashua majini. Fabien alipanda na abacost yake mpya, ile suti isiyovaliwa tai, Eugène akakamata kamba ya tanga. Upepo ulipoingia, mashua ilikwenda kando kama kaa. Kisha mlingoti ukaupasua ubao wa chini, maji yakaingia, mashua ikapinduka. Fabien hajui kuogelea. Eugène alimvuta kwa kola mpaka nchi kavu.

"Nilitaka kwenda Kalemie," Fabien alisema akitapika maji, "sikutaka kwenda chini."

Pulchérie alikuwa analia. "Mi nilisoma vile iliandikwa."

"Ulisoma sura ya kwanza," nikamwambia mbele ya watu. "Mkuku iko sura ya tatu."

Eugène alinigeukia, maji yakimtiririka.

"We ulisoma siku gani?"

"Siku ya Mungu."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Sababu ya nini?"

Nilimwonyesha Pulchérie kwa kidevu. "Ile kucheka yenu."

Hakunipigia kelele. Ni Fabien aliyeniuliza, taratibu, "Mama Léa, na mimi nilikukosea nini?"

Nilimpa kitenge changu ajifute.

Jumatatu niliacha madaftari mezani nikaenda kiwanjani bila kuitwa. Eugène alinipa kitabu. "Soma." Pulchérie hakufukuzwa, alikaa kwenye ule ubao wa muvula akisokota nywele. Nilikaa juu ya jiwe, nikasoma sura ya pili, nikaingia ya tatu, nikaeleza kila neno: mkuku unachongwaje, mlingoti unakaa juu ya nini. Eugène aliuliza, nikajibu. Alipima, akaweka alama kwa mkaa. Alinisikiliza kama mwanafunzi mwema, na hakucheka hata mara moja.

"Lakini bale batu," Pulchérie alisema, "na ile nywele yote, si balikuwa bananuka ng'ombe?"

Eugène alicheka mpaka akaweka msumeno chini.

Nilingoja amalize kucheka. Nikafungua ukurasa mwingine.