Kompyuta Iliyochelewa

Ukimpelekea Fundi Saa saa inayochelewa, usitarajie kupewa pole. Ataisogeza karibu na jicho lenye lenzi, ataguna, kisha atakuuliza umewezaje kutembea na kitu cha namna hii mkononi bila kuona aibu. Saa iliyosimama, alikuwa akisema, haina kosa, imekufa, basi. Lakini inayochelewa ni mwongo anayekula nawe sahani moja. Wateja walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kuliko mdomo wake.

Nyumbani, hata hivyo, fahari yake haikuwa saa bali kompyuta. Aliiunda mwenyewe enzi ambazo kuwa na kompyuta sebuleni lilikuwa jambo la kuitia majirani. Kasha alilipata huku, ubao wa ndani kule, prosesa, ule ubongo wake, kwa mtu aliyekuwa akihama mji, akaviunganisha juu ya meza ya chakula huku mkewe akila kwa kupakata sahani. Tangu hapo hakuna mgeni aliyetoka nyumba ile bila kuambiwa kasi yake.

"Megahezi elfu moja na mia nne," angesema, akiipigapiga ubavuni kama mtu anayeuza ng'ombe. Mgeni angeitikia "Loh!" bila kujua megahezi ni mnyama gani.

Aliyeitumia hasa alikuwa mkewe, Nesi, jina la kazi lililomganda hata baada ya kustaafu wodini. Nesi alicheza mchezo mmoja tu, wa zamani, wa kudaka mpira kwa kibao na kuvunja matofali. Aliucheza amekunja miguu kitini, miwani puani, akiusemesha mpira kama mgonjwa anayekimbia sindano: "Njoo hapa. Njoo, mwanangu. Haya!" Ukoo mzima ulishapita pale ukachapwa. Aliyechapwa zaidi ni mdogo wake wa kiume, mwalimu wa udereva, ambaye kila akija kumjulia hali dada yake aliondoka na kisingizio kipya.

Mambo yaliharibika siku kompyuta iliposahau tarehe. Ilidai kwamba ni mwaka ambao hata shemeji huyo alikuwa bado ana nywele.

"Betri tu hiyo," Fundi akasema, akicheka. Betri ya ndani ilikuwa ileile bapa, mfano wa sarafu, aliyowabadilishia watu kwenye saa zao kila kukicha. Akaweka mpya, akawasha. Kwa bahati mbaya shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

Siku zote kompyuta ikiwaka ilitanguliza picha ya nembo yenye rangi za kupendeza. Betri ilipokufa mipangilio yote ilifutika, na picha nayo ikaenda zake. Badala yake yakatokea maandishi meupe juu ya weusi.

"Shemeji," akasema mwalimu wa udereva, akiinama, "mbona hapa pameandikwa elfu moja na hamsini?"

"Wapi?"

"Hapa, kwenye prosesa. Ile mia nne yetu imeshukia kituo gani?"

"Ndiyo kwanza inaamka. Wewe ukiamka unakimbia?"

Wakaizima, wakaiwasha tena. Elfu moja na hamsini. Shemeji akatafuta kiti ili acheke vizuri. "Kumbe miaka yote tunaendesha breki ya mkono imevutwa!"

"Ni betri mpya," Fundi akasema kwa ukali. "Ikizoea, itapanda."

Haikupanda. Fundi akawa hali vizuri, na wateja wake wakapata cha moto zaidi ya kawaida. Jambo lenyewe halikuwa gumu kwa mtu wa kazi yake. Ubao una mapigo yake, kama saa ilivyo na mapigo yake. Prosesa huyachukua na kuyazidisha mara kumi na nusu. Ubao huu ulikuwa ukipiga mia moja. Ili prosesa ifike elfu moja na mia nne, ulitakiwa upige mia na thelathini na tatu. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akabonyeza juu, akabonyeza chini, akaibembeleza. Namba ikakaa palepale kama shahidi mkaidi. Basi kuna kitu ndani kimeifunga.

Siku ya mapumziko akaifungua mchana kweupe, juu ya meza ileile. Akaingiza tochi, akainamisha lenzi. Karibu na prosesa kulikuwa na pini tatu, na kikofia cha plastiki kisichozidi punje ya mchele kilizibana mbili kati yake. Kandoni pameandikwa kwa herufi za siafu: upande huu mia, upande ule mia na thelathini na tatu. Kikofia kilikuwa upande wa mia. Nacho kilikuwa kimevikwa vumbi lililoshikamana kama sufi, vumbi ambalo mkono wa mtu haujaligusa tangu kasha lilipofungwa mara ya kwanza.

Fundi akaweka kibano mezani. Si kwamba kompyuta imeanza kuchelewa. Haijawahi kuwahi, hata siku moja. Wageni wote wale, na kupigapiga kote kule ubavuni.

"Umeona nini?" Nesi akauliza, akikunja nguo kwenye kochi.

"Mtengenezaji kakosea. Kaweka kikofia upande sio."

"Mtengenezaji gani? Si ulisema umeitengeneza mwenyewe?"

Fundi akachukua tena kibano. "Nasema mtengenezaji wa ubao."

"Aha," akasema Nesi, kwa ile sauti aliyokuwa akiwapa wagonjwa waliodai wamemeza vidonge vyote.

Fundi akakichomoa kikofia, akakihamishia upande wa pili, akawasha. Feni ikavuma kama mtu anayepuliza jiko lenye kuni mbichi, na maandishi meupe yakatamka: elfu moja na mia nne. Fundi akapiga simu palepale kumwita shemeji aje ashuhudie, na shemeji, ambaye hakosi shughuli yenye chai, akaja.

"Haya, imekaa sawa," akakiri. "Dada, hebu ipashe."

Nesi akakunja miguu, akashusha miwani. "Njoo hapa, mwana..." Mpira ulikuwa umeshapita. Akaachia wa pili. Ukagonga ukuta, ukagonga tofali, ukapotea chini kabla kibao hakijajua kinaitwa. Wa tatu hata hakuusemesha. Mchezo ulikuwa wa kizamani: ulichukua mwendo wake kwa prosesa, na prosesa sasa ilikuwa na haraka zake.

"Umeiharibu," Nesi akasema.

"Nimeiponya!"

"Nimeuguza watu maisha yangu yote. Hakuna aliyepona akatoka wodini kwa kasi hiyo."

Shemeji hakuweza kujizuia. "Kwa hiyo, dada, ule ubingwa wote ulikuwa wa barabara yenye matuta. Naona bora ufutwe, tuanze upya."

Nesi akainuka, akaenda jikoni, na masufuria yakazungumza kwa niaba yake. Jioni akasema mara moja tu: "Irudishe ilivyokuwa." Fundi akajibu kwamba aombe lolote, ila yeye, fundi wa saa, hawezi kulala nyumba moja na kitu anachojua kinachelewa. Nesi akamwambia basi asilale.

Baada ya hapo Fundi akawa anakaa mbele ya kompyuta kila jioni ili aifaidi kasi yake. Tatizo ni kwamba hakuwa na kazi nayo. Aliandika barua kwa wauza vipuri akitumia kidole kimoja, na prosesa ya elfu moja na mia nne ikamngojea kwa adabu ahangaike kuitafuta herufi. Akafungua hiki, akafunga kile. Hapakuwa na mlio wa matofali wala mtu wa kuubembeleza mpira. Nesi alikuwa amekaa upande wa pili, anafuma kimya, na kimya cha Nesi kilikuwa na kelele kuliko feni.

Mwishowe Fundi akashindwa. Akafunga duka mapema siku ambayo Nesi alikuwa amekwenda kumtazama mzazi mtaa wa pili, akafungua kasha na kukirudisha kikofia upande wa mia. Alijisikia kama anaiba kwake. Nesi aliporudi akamkuta anasoma gazeti kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Hebu jaribu mchezo wako," akamwambia bila kuinua macho.

Nesi akakaa. Mpira ukaja taratibu, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Akaudaka. Akaudaka tena. Akapiga mwayo.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi. Nimeona nikuridhishe."

"Nani kakwambia sijaridhika?" Nesi akavua miwani. "Wewe ukienda dukani, unadhani nakaa naangalia ukuta? Asubuhi zote hizi nimejifunza. Nimeshafika ngazi ya mwisho! Na mdogo wangu anakuja leo kupambana, nimemwita mwenyewe. Irudishe!"

"Si ndiyo nimeirudisha?"

"Irudishe ilivyokuwa baada ya ilivyokuwa!"

Fundi akashika kibano. Labda ni haraka, labda ni furaha aliyokuwa akiificha. Kikofia kikamchomoka, kikaruka, kikadondokea kwenye zulia. Mume na mke wakapiga magoti, yeye na lenzi jichoni, Nesi akipapasa kwa viganja, wakigongana vichwa na kulaumiana. Hodi ikabishwa. "Subiri!" wakajibu kwa pamoja. Nesi ndiye aliyekipata, chini ya mguu wa meza, akamwekea mumewe kiganjani kwa uangalifu wa mtu anayekabidhi kichanga.

Mwalimu wa udereva akaruhusiwa kuingia feni ilipoanza kuvuma. Akapewa zamu ya kwanza kwa heshima ya mgeni. Mpira ukampita. Akasogeza kiti, akakunja mikono ya shati; ukampita tena. Kisha Nesi akakaa, na matofali yakaporomoka hadi shemeji akaanza kuangalia mlango.

"Shemeji," akamnong'oneza Fundi, "hiki chombo hakiwezi kupunguzwa mwendo? Kidogo tu?"

"Muulize mtengenezaji," Fundi akasema, akimnyooshea kidole Nesi, ambaye hakugeuka.