Masafa ya Tano

Duara lilikuwa linazunguka. Lilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mkalimani alikuwa amelikodolea macho kwa muda mrefu mpaka alipogeuka kutazama ukuta akaliona likizunguka na huko. Kompyuta yake ya mezani haikuwa na kosa. Iliwaka, ilifungua mafaili, ilivuma feni yake kama siku zote. Kosa lilikuwa la Wi-Fi, na Wi-Fi ilikuwa sebuleni, na kati ya sebule na chumba chake palikuwa na ukuta wa Baba.

Ukuta huo haukuwa wa mchezo. Baba alikuwa mwashi kwa miaka arobaini, na nyumba hii aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, zege na nondo mpaka vyumba vya kulala, utadhani alitarajia vita. Fundi wa mtandao alipokuja kufunga ruta aliugonga kwa kidole, akaguna, akasema humu hata umbea haupenyi. Baba alidhani amesifiwa, akatabasamu siku nzima.

Saa tatu kamili mkalimani alikuwa na jaribio. Shirika moja lilikuwa linatafuta wakalimani wa hospitali, na lilimpima kwa video: daktari anasema kwa lugha yake, mgonjwa anasema kwa Kiswahili, naye yuko katikati anavusha maneno huku na huku. Wiki iliyopita alijaribu, na sauti zikamfikia vipande vipande. Mgonjwa alisema mguu unamuuma, kisha mtandao ukakatika. Uliporudi, mkalimani aliona haya kumuuliza tena, akakisia, akamwambia daktari ni wayo. Kumbe lilikuwa paja. Msimamizi aliandika hilo, akampa nafasi ya pili, na akamweleza waziwazi kwamba ya tatu haipo. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa mwaka mzima uliopita, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa lolote. Hii nafasi ndiyo aliyokuwa nayo, na ilikuwa inazunguka mbele ya macho yake.

Jaribio lenyewe lilikubali kompyuta tu, simu walikuwa hawaitaki. Sebuleni kulikuwa na mtandao mzuri, lakini dirisha lake lilitazamana na karakana ya mageti ng'ambo ya barabara, na wenye karakana walianza kugonga vyuma saa moja na kupumzika hawakukujua. Kuisogeza ruta nako kulikuwa ndoto. Waya wake Baba aliupigilia ukutani msumari baada ya msumari, kwa sababu hapendi kitu kinachoning'inia.

Saa moja akampigia fundi wa mtandao. Fundi alikuwa juu ya paa la mteja mwingine, mbali, na upepo ulikuwa unampulizia kwenye simu. Alimwambia asihangaike kuzima na kuwasha, kwamba majirani wote wamejazana pale alipo mkalimani, ndiyo maana mtandao wake unakwenda mwendo wa kobe.

"Iweke kompyuta kwenye masafa ya tano," alisema. "Utaona tofauti." Kisha mtu akamwita huko chini, na simu ikakatika.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akataka kujua fundi kasemaje.

"Anasema tuiweke kompyuta masafa ya mita tano kutoka kwenye ruta."

Baba hakungoja kuambiwa mara mbili. Tangu astaafu hakuna aliyemwomba apime kitu, na futi yake ya chuma ilikuwa inalala kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Aliitoa, akapiga magoti sebuleni, akaanzia kwenye ukingo wa ruta, akaivuta hadi kwenye mlango, akaingia nayo ukumbini. Mita tano kamili ziliangukia kwenye kigae cha mwisho, mbele ya mlango wa choo. Akakitia alama ya penseli, kisha akapima tena, kwa kuwa mwashi hapimi mara moja.

Wakahama. Meza ilikataa kupita mlangoni mpaka ilipolazwa ubavu. Kioo kikabebwa kama mtoto mchanga, sanduku la kompyuta likafuata, nyaya zikaburuzwa sakafuni, na Baba akiongoza msafara, kushoto kidogo, inua, shusha, kana kwamba wanapandisha boriti. Mkalimani aliweka kiti mgongo kwa choo, uso kuelekea mlango wa sebule, wakaufunga mlango huo ili kelele za karakana zibaki huko. Akawasha kompyuta. Kompyuta ikamwambia asiizime, inajisasisha, asilimia nne.

Alikaa roho juu. Saa moja na nusu ilikuwa asilimia kumi na tisa. Saa mbili ilikuwa asilimia kumi na tisa. Baba akauliza kama hiyo asilimia nayo inategemea umbali, na mkalimani akajifanya hakusikia. Mashine ilipomaliza kujisasisha ilikuwa imebaki nusu saa na ushee. Akajaribu kasi ya mtandao. Ikapanda kidogo, ikampa moyo, ikashuka, na duara likarudi pale pale kuzunguka, halina hili wala lile.

Baba akainama tena na futi yake. Huenda, alisema, fundi alikusudia mita tano za kupenya ukuta, si hizi za kuzunguka mlangoni, kwa hiyo meza irudi nyuma kama hatua mbili hivi, au waipime upya kuanzia kwenye antena badala ya ukingo.

"Baba, naomba uache kunisaidia," mkalimani alisema. "Toka asubuhi unapima tu. Unanipotezea muda, na muda sina."

Yalimtoka kabla hajayapima. Baba aliirudisha futi taratibu, akiishika na kidole ili isijifunge kwa kishindo, akapita nyuma ya kiti cha mkalimani. Mlango ukafungwa. Mkalimani akawa na hakika ameenda jikoni, na kutoka jikoni uani, na akajua pia kwamba alipaswa kumfuata. Hakumfuata. Alichukua simu.

Fundi alipokea mara ya nne. Mkalimani akamshukia bila salamu, akamweleza kwamba meza ipo mita tano kamili, zimepimwa mara mbili na mtu anayejua kupima, na mtandao ni ule ule.

"Mita gani, dada?" fundi aliuliza. "Mimi nimekwambia masafa. Masafa ya mawimbi ya mtandao. Fungua hapo kwenye Wi-Fi, utakuta majina mawili ya kwenu. Moja la kawaida, lingine lina tano mwishoni. Ingia hilo la tano."

Yalikuwapo. Jina la nyumba yao, na chini yake jina hilo hilo lenye tano mkiani. Alikuwa ameliona mwaka mzima, na mwaka mzima aliamini ni la jirani fulani asiye na ubunifu. Akalibonyeza, akaingiza neno la siri lile lile. Duara likatoweka. Ukurasa wa jaribio ukafunguka mara moja, mweupe, kamili.

Fundi alikuwa bado anaongea. Alisema ilikuwa heri wamehama, kwani hayo masafa ya tano yana mbio lakini hayana ubavu, mlango wa mbao yanaupita, ila ule ukuta wa mzee yasingeupita hata kwa dawa. Mkalimani alimsikia kwa mbali. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Kuongeza neno ambalo msemaji hakulisema: hilo ndilo kosa la kwanza walilokatazwa siku ya kwanza darasani, na yeye aliwahi kuwafokea wanafunzi kwa ajili yake.

"Hiyo mita niliongeza mimi," alimwambia fundi, polepole, kama anayesaini kitu. "Baba yangu alipima nilichomwambia."

Fundi akacheka, akamtakia heri, akakata. Saa ilionyesha tatu kasoro dakika tatu. Hapakuwa na wakati wa kwenda uani. Alijifuta uso kwa kiganja, akabonyeza kitufe.

Daktari alitokea, mgonjwa akatokea, msimamizi akiwa kwenye kona ya kioo na kalamu yake. Picha haikutetereka hata mara moja. Mgonjwa, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alisema mkono wake umekufa ganzi tangu jana jioni. Sentensi ilikuwa fupi na imesikika yote, na neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa mkalimani, kiganja, tena alikuwa na uhakika nalo. Uhakika huo ndio uliomtisha. Asubuhi hii hii alikuwa na uhakika na mita.

Akamwambia daktari kwamba mkalimani anaomba ufafanuzi, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mkono, mzee, kuanzia wapi?"

"Kuanzia begani," alisema mgonjwa, "mpaka vidoleni. Na mdomo upande huu."

Daktari akasogea mbele kwenye kiti. Msimamizi akaandika. Kuanzia hapo walikwenda dakika arobaini mfululizo, na kila neno lililomtia shaka mkalimani aliliuliza, na hakuna aliyemcheka. Mwishoni msimamizi aliweka kalamu chini, akasema wamemchukua, aanze Jumatatu. Akauliza kama hapo ndipo atakapokuwa anafanyia kazi, maana pametulia sana. Mkalimani akasema ndiyo, ni hapa hapa. Kioo kikawa cheusi.

Hakuinuka. Alikuwa akijikusanya kwenda uani kumtafuta Baba, asijue aanze na lipi. Hapo akasikia kitasa nyuma yake.

Mlango wa choo ukafunguka kiasi cha sikio, kisha zaidi. Baba alikuwa amesimama ndani, futi mkononi, jasho likimtiririka, mguu mmoja akiuchezesha kuondoa ganzi.

"Wameshaaga?" alinong'ona.

"Wameshaaga, Baba."

"Niliogopa kutoka. Ningepita kwenye picha."

Mkalimani alimtazama, akahesabu dakika hizo arobaini na zile za kabla yake, kwenye chumba kisicho na dirisha, mtu wa miaka sabini na mbili aliyeambiwa aache kusaidia.

"Nisamehe," alisema. "Ile mita niliongeza mimi."

"Nilisikia," Baba alisema. "Mlango wa mbao huo." Akageuka, akarudi ndani, na kwa mara ya kwanza tangu saa tatu kasoro akathubutu kuvuta maji.