Mwanachama wa Arobaini na Nne

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe 16 Oktoba 1976, muda mfupi kabla ya adhuhuri, ndani ya darasa la nne la shule ya kijiji chetu, huku nyuma ya Kurui. Hivyo ndivyo wakubwa wenyewe wanavyosema. Yangu mimi yaliharibika Jumanne ya tarehe 24 Agosti, ila siku hiyo haikuwa na ajenda, kwa hiyo hakuna aliyeiandika.

Siku hiyo ya Agosti nilifiwa na mke wangu, Mwanahalima. Homa ilimshika Jumapili, Jumanne alfajiri tukamweka kitandani tukambeba kwenda hospitali Kisarawe, wanaume wanane tukipokezana. Tulipofika Kibuta wa nyuma wakaniambia, "Shomari, tushushe." Nikajua.

Msinielewe vibaya, kijijini kwetu zahanati ipo. Yaani kuta zipo. Tulizijenga wenyewe mwaka 1974, kwa mikono yetu, na mbaazi zimeota humo ndani zimezidi kimo cha mtu. Bati ishirini na nne zililetwa, zikalala ghalani usiku mmoja, kesho yake zikapanda juu ya ofisi ya Chama. "Kwa muda tu," alisema Salehe, katibu wa tawi letu. "Chama hakiwezi kunyeshewa." Mgonjwa anaweza.

Kabla ya homa ile, Mwanahalima alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kuuliza. Kila mkutano, yakifika mengineyo, atakaza fundo la kanga yake, atakohoa mara mbili, atasimama. "Ndugu Katibu, mimi sijui kusoma, ila macho ninayo. Bati za zahanati zinashuka lini?" Salehe hujibu kwamba suala linashughulikiwa. Basi watu wanacheka, mkutano unafungwa. Na mimi, mumewe, nilikuwa namvuta kanga akae. Nasema ukweli.

Sasa sikilizeni mkutano wa Septemba. Salehe ana desturi ya kuita majina kwenye daftari, na akiandika anasoma kwa sauti, tusikie kwamba anajua kuandika. Akaita, "Mwanahalima binti Jumbe." Salehe huyu tulikuwa naye makaburini, udongo wa kaburi la mke wangu aliutupia kwa koleo lake mwenyewe. Akanitazama, akainama, akaandika: "Hayupo. Bila udhuru."

Nilimsubiri mlangoni.

"Salehe, kata jina la mke wangu."

"Mzee Shomari, jina la mwanachama halikatwi kama muhogo. Mtu anatoka kwa kujiuzulu, kwa kufukuzwa, au kwa kuhamia tawi jingine."

"Na kwa kufa?"

Akafikiri. "Kwa kufa lazima iwepo barua."

"Aandike nani?"

"Mhusika."

Nikarudi nyumbani. Tangu siku ile nilikuwa nataka kitu kimoja tu hapa duniani, jina la mke wangu litoke kwenye lile daftari, asiitwe tena, apumzike. Sikuomba bati. Sikuomba hata pole.

Ndipo likaja jambo la katiba. Redio ilisema Chama chetu, kile kilicholeta uhuru, kitaungana na cha wenzetu wa visiwani, vyote viwili vitavunjwa na kitazaliwa kipya, na hicho kipya kina katiba yake. Kila tawi likae mkutano maalumu, wanachama wasomewe, wakubali. Ilisemwa pia kwamba wana hiari ya kukataa. Hiyo ilisemwa kwa sauti ndogo.

Mgeni wa wilayani akatufikia na Landrova, anaitwa Ndugu Didas, kijana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuja na nakala moja ya katiba, maana zilikuwa hazitoshi, na fomu moja. Akatuambia kwa fahari kwamba ameshapita matawi kumi na moja na yote yamekubali kwa kauli moja. Sisi tulikuwa wa kumi na mbili, na saa nane alikuwa anatakiwa Kibuta kwa wa kumi na tatu.

Salehe akaita majina. Mwanahalima akaitwa. Nikasimama.

"Ndugu mgeni, huyo ni marehemu. Naomba jina lake likatwe leo, mbele yako."

"Pole sana, mzee," alisema Ndugu Didas. "Tutalishughulikia. Katibu, mko wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Daftari lina wangapi?"

"Sitini na sita."

Ndugu Didas akapiga hesabu kwenye kiganja. Uso ukambadilika. Akatueleza kuwa mkutano huu si wa mchezo, lazima wafike thuluthi mbili ya wanachama, yaani arobaini na wanne. Hiyo ndiyo akidi. Bila akidi huo si mkutano, ni watu waliokaa. Mmoja alikuwa anapungua.

Wakatafuta huyo mmoja. Wenye miguu walikuwa kwenye korosho, maana Oktoba haimsubiri mtu. Wengine kumi walikuwa wamehamia Dar es Salaam zamani, wanarudi siku za mazishi tu. Waliobaki ni wafu. Wafu walikuwa saba.

Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini nikaona njia. Nikasema, "Katani hao saba. Watabaki hamsini na tisa. Thuluthi mbili yake ni arobaini. Sisi tuko arobaini na watatu, tunazidi."

Darasa likaguna kwa kukubali. Hata Ndugu Didas alifungua mdomo kama anayetaka kutabasamu. Salehe akamnong'oneza, ila mnong'ono wa Salehe unasikika mpaka Mzenga: "Haiwezekani, Ndugu. Sitini na sita ilishapelekwa wilayani. Wilaya imeshapeleka mkoani. Ikishuka watauliza imeshukaje."

"Waambie watu wamekufa," nilisema.

"Tulishaandika kwamba tawi linakua."

Ndivyo tulivyokaa pale. Mvua ndogo ikaanza kugonga juu, Ndugu Didas akatazama saa, akatazama Landrova. Hapo ndipo Salehe alipopata akili. Akili ya Salehe ni kama mgeni, haiji mara kwa mara, na ikija inaleta msiba.

Kijijini kwetu yuko mzee mmoja, Saburi, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akaoa hapa akabaki. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani. Tukifiwa, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anatudai na kututukana mpaka waliao wanacheka. Siku ya arobaini ya Mwanahalima, Saburi alivaa kanga zake akanigombeza mbele ya watu wote kwa kuunguza uji. Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba.

Mzee huyu siku ya mkutano alikuwa kibarazani anakwepa mvua. Kadi yake iko Tabora, hakuwahi kuihamisha, kwa hiyo kwetu hana kura. Salehe akamwonyesha kidole.

"Ndugu mgeni, yule ni Mwanahalima."

Ndugu Didas akatazama ndevu za Saburi.

"Kwa mila za hapa," Salehe akaendelea, "mtani anasimama badala ya marehemu. Kijiji kizima kilimshuhudia majuzi. Aingie, anyoshe mkono, tufunge."

"Mila inakubali?" Ndugu Didas aliuliza watu.

Watu wakasema mila inakubali. Walikuwa na njaa. Nikapaza sauti, "Mimi sikubali. Mnampeleka wapi tena mke wangu? Nimeomba atoke, nyinyi mnamwingiza."

"Mzee Shomari, ni dakika mbili," alisema Salehe. "Hii ni katiba, si posa."

Wakamwazima Saburi kanga ya mama mmoja aliyekaa mbele. Akajifunga, akakaza fundo, akaingia na ule mwendo wa Mwanahalima wa kuburuza mguu wa kushoto. Akapita mbele yangu, akasimama.

"Shomari, shati gani hilo? Nimeondoka juzi tu, umeshakuwa jalala?"

Hapo watu wakacheka. Mimi nilitazama sakafuni. Salehe akaandika, akasoma kwa sauti: "Mwanahalima binti Jumbe. Yupo." Akidi ikatimia.

Ndugu Didas akasoma katiba. Alisoma ya mbele, ya katikati akaifunua kwa mafungu, ya mwisho akasoma kwa pumzi moja. Kulikuwa na binadamu wote ni sawa, kulikuwa na kamati, halmashauri, tena kamati. Nilisubiri nisikie neno zahanati. Labda lilikuwa kwenye zile kurasa alizoruka.

"Wanaokubali wanyoshe mikono."

Mikono ikapanda, na wangu ulikuwemo, sifichi. Nilitaka kwenda nyumbani. Salehe akahesabu: arobaini na tatu.

"Wanaokataa, hakuna," alisema Ndugu Didas huku akifunga kalamu.

Saburi akakohoa mara mbili.

"Mimi nakataa."

Salehe akacheka peke yake. "Mtani, utani baadaye. Nyosha mkono bwana, mgeni anachelewa."

"Mtani nani? Mimi Mwanahalima binti Jumbe, umeniandika mwenyewe nipo. Ndugu Katibu, mimi sijui kusoma, ila macho ninayo. Ile katiba ya zamani mlikuwa nayo, bati zikapanda kwenu. Hii mpya inazishusha lini? Nikijibiwa nanyosha mkono. Nisipojibiwa, sinyoshi."

"Saburi," alisema Salehe, sasa kwa kunong'ona kweli, "tafadhali, kaka yangu."

"Huyo Saburi yuko kwake anasuka jamvi. Kamwiteni huko."

Nawaambia, sauti ilikuwa yake. Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Mtani hapangiwi maneno, anasema yale ambayo marehemu angesema, na kama walitaka mtu wa ndiyo, wangempa marehemu mwingine. Walikuwa nao saba.

Ndugu Didas alikuwa amekaa. Fomu yake ilikuwa na nafasi nne: waliohudhuria, waliokubali, waliokataa, na sababu za kukataa. Kwa matawi kumi na moja nafasi mbili za mwisho zilikuwa nyeupe kama sanda.

"Mtoe," alimwambia Salehe. "Andika hakuwepo."

"Akiwa hakuwepo, tunarudi arobaini na watatu. Akidi inavunjika."

"Basi alikuwepo, akakubali."

"Amekataa mbele ya watu wote."

"Kwani maiti anakataa vipi?" Ndugu Didas alipandisha sauti.

Bibi Mwanaasha, jirani yangu, ambaye miaka yote alikuwa anacheka Mwanahalima akisimama, akajibu kutoka nyuma: "Kama alivyohudhuria, mwanangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikajikuta nimesimama. Asubuhi nilikuja kuomba jina likatwe. Nikasema, "Ndugu Katibu, nimebadili ombi. Jina la mke wangu lisikatwe. Liandikwe kwamba amekataa, na sababu yake iandikwe pale penye nafasi ya sababu."

Salehe akanitazama kama mbuzi aliyeongea. "Wewe mwenyewe umekubali, Mzee Shomari."

"Mimi nimekubali. Yeye amekataa. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo siku zote."

Ndugu Didas akakusanya karatasi zake, akasema mkutano umefungwa, mengine tutajulishwa. Landrova ikaondoka. Chama kipya kilizaliwa Februari, tukapewa kadi mpya, tukacheza ngoma. Sijawahi kusikia kwamba kuna tawi lililokosa akidi.

Nilianza kuuliza. Salehe alinijibu kwamba faili liko kata. Kata wakasema liko Kisarawe. Kisarawe walinikalisha kwenye benchi siku tatu, ya nne wakaniambia mafaili ya wakati ule yamepelekwa Kibaha. Mwaka 1981, baada ya kuuza korosho, nikaenda Kibaha. Nikashuka Maili Moja nikaulizia, nikaelekezwa ofisi yenye dada mmoja karani, Stellamaris.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta karatasi ya kijiji chetu, ya mkutano wa katiba."

Ni yeye pekee, katika miaka mitano, aliyeinuka kwenye kiti. Alipekua mpaka mikono ikawa na vumbi, akaleta fomu, akanisomea. Waliohudhuria: arobaini na wanne. Waliokubali: arobaini na watatu. Waliokataa: hakuna. Sababu za kukataa: hakuna.

Akarudia kusoma, akianza kucheka, kisha akaacha.

"Babu, huyu mmoja alikwenda wapi?"

"Ndilo lililonileta."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaishika fomu kwa ncha za vidole, akasema, "Mzee, Chama kile kilishavunjwa. Hatuwezi kujibu mambo ya chama kisichokuwepo."

"Sawa," nilimwambia. "Lakini hiki kilichopo kiliingilia mlango ule. Sina maneno mengi, nitakuuliza moja. Ukisema mke wangu hakuwepo, akidi haikutimia, na sisi kule kwetu hatujaikubali katiba yenu mpaka leo. Ukisema alikuwepo, basi alikataa, na sababu yake mnaijua, na zahanati bado inanyeshewa kila masika."

Akatazama dirishani. Stellamaris alikuwa ameshika kalamu, tayari kuandika. Nikamwuliza yule mkubwa taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa niambie, mwanangu, siku ile Mwanahalima alikuwepo, au hakuwepo?"