Siku Ambrus Alipovaa Kijani

Mimi nimeolewa na watu walioiba goli letu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia nikiwa sina upande. Upande ninao.

Nilizaliwa Körtés ya Juu, nikaolewa Körtés ya Chini. Vijiji hivi viko ukingo mmoja wa mto Tisza, na kati yake kuna tuta la kuzuia mafuriko ambalo ukitembea juu yake bila haraka unafika baada ya nusu saa. Juu wanavaa kijani, Chini wanavaa njano. Kijani chetu kilitoka kwenye meza za biliadi. Baa ya kijijini ilipofilisika baada ya ile vita ya kwanza ya dunia, bibi yangu aliomba vitambaa vya meza mbili, akavikata, akashona jezi saba. Wachezaji wanne waliobaki walivaa mashati yao wenyewe na utepe wa kijani mkononi. Kilikuwa kitambaa kizito cha sufu, na mwezi wa nane watu walitoka jasho mpaka wakazimia, lakini hakuna aliyekubali kuvua.

Baadaye walikuja mabwana wa chama tawala kutoka mjini, wakasema klabu iitwe Trekta na ivae nyekundu. Tukaitwa Trekta, tukavaa nyekundu, ila soksi zikabaki za kijani. Kila wakikemea, tuliwajibu kwamba soksi nyekundu zimeadimika madukani, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeadimika, wakatuacha. Nyakati zilipolegea tukarudi kwenye kijani chetu kama mtu anayerudi nyumbani kuvua viatu.

Kisha mto ukafurika. Nilikuwa msichana mdogo. Maji yalibomoa uwanja wetu yakaondoka na goli zima, milingoti miwili na mwamba wake, mbao za akasia alizozichonga baba yangu kwa mkono wake. Baba aliitwa Vince, na ndiye aliyekuwa golikipa. Watu wa Chini walilikuta goli limenasa kwenye matete. Badala ya kulirudisha, walilisimamisha uwanjani kwao, wakalipaka rangi. Tulipokwenda kulidai walitujibu kwamba wao hawakuchukua kitu, mto ndio uliowaletea. Mpaka leo lipo pale pale upande wa kanisa, na kila masika wanalipaka rangi upya bila hata chembe ya aibu.

Sasa fikiria baba alivyojisikia nilipomletea Ambrus, beki wa kati wa Chini, jitu la miraba minne lililokuwa likimtia viwiko kila mechi.

"Goli wameiba," baba alimwambia mama mbele yake, "sasa wanataka na binti?"

Alikubali hatimaye kwa sababu nilikataa kula. Lakini hakuwahi kumwita Ambrus kwa jina. Alimwita "yule wa Chini" mpaka anaingia kaburini. Mara moja tu, mezani, alimwambia, "Siku utakayovaa kijani, nitakuita mwanangu."

Ambrus akapuliza kijiko chake cha supu. "Basi mzee, tuendelee kuitana hivi hivi. Naomba mkate."

Ndiyo ndoa yangu hiyo. Mume mwema, mpole, mkaidi kama kisiki. Na sisi tulikuwa na desturi yetu. Kila vijiji vilipokutana uwanjani, Ijumaa jioni nilifunga mzigo wangu mdogo nikaenda kulala nyumbani kwa mama, na hatukusemeshana mpaka mechi iishe. Aliyefungwa ndiye aliyetakiwa kuoka pogácsa, mikate midogo ya chumvi na mafuta ya nguruwe, azibebe zikiwa za moto akabishe dirishani kwa mshindi. Ilipotokea sare, kila mmoja alitoka na sahani yake na tulikutana katikati ya tuta. Sare zilikuwa chache, lakini mtoto wetu wa kwanza nina hakika alitokana na mojawapo. Siri ya Ambrus ni kwamba hajui kuoka. Kila alipofungwa alizinunua kwa mwoka mikate, akazifunika kwa taulo ili nidhani zimetoka jikoni kwake. Nilijua, na nilizila nikimsifu.

Mama alikufa, baba alikwishakufa, nyumba ile tukaiacha isimame kwa ajili ya desturi hiyo tu. Vijiji navyo vikaanza kwisha. Vijana wakaenda Austria kuchuma matofaa, kuosha vyombo, kujenga. Ikafika msimu ambao Juu hawapati wachezaji kumi na mmoja na Chini wanawapata kwa shida. Wenyeviti wa klabu zote mbili wakakaa, wakanywa, wakakubaliana kuunganisha. Klabu itaitwa Körtés tu, uwanja utakuwa wa Chini. Kuhusu rangi nusura wapigane. Mwishowe wakasema ichezwe mechi moja ya kuagana, na atakayeshinda rangi yake ndiyo ibaki.

Nilimwuliza Ambrus usiku ule, "Na mkishinda nyinyi?"

"Utavaa njano."

"Nitakufa kwanza."

"Basi tutakuzika na njano," alisema, akanivutia shuka begani.

Nilicheka, lakini sikulala. Hiyo ilikuwa rangi ya bibi yangu. Baba alizikwa na skafu yake. Kufungwa nimezoea, watu wa Juu tumefungwa maisha yetu yote na tunajua namna ya kurudi nyumbani. Nilichoomba ni kimoja, kijani kitoke kikiwa kinacheza.

Jumapili ya mechi kulikuwa na joto. Watu wa Chini walikaa upande wao chini ya miplamu, na bia zao. Sisi wa Juu tulikaa ng'ambo ya pili juani, wanawake wengi, wazee wachache. Nikaanza kuhesabu jezi za kijani zilizokuwa zinapasha misuli, nikahesabu tena, nikamfuata Dezső, mwenyekiti wetu, mtu aliyewekewa nyonga ya chuma na anayetembea kama meza.

"Dezső, wengine wako wapi?"

"Wamo kwenye gari kutoka Austria, Bori. Gari limezima mbali huko, karibu na Győr." Aliniambia akitazama simu badala ya kunitazama mimi. "Golikipa yumo humo humo."

"Sasa mko wangapi?"

"Sita."

Refa alikuwa bwana mmoja kutoka mjini, mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ukingo wake ungekata siagi. Akaja, akahesabu kwa kidole.

"Sheria inataka saba, bwana mwenyekiti."

"Ni mechi ya kuagana tu, mheshimiwa. Mtu na jirani yake."

"Kuagana nako kuna sheria. Nawapa robo saa. Tafuteni mtu yeyote mwenye miguu miwili. Mkikosa, napuliza kipenga na ushindi ni wa wenyeji."

Dezső akazunguka kwa watu wetu. Huyu alikuwa na fimbo, yule alikuwa na pumu, mwingine alisema angeingia ila mkewe angemuua kabla moyo haujamuua. Nikaona dakika zinakwenda. Klabu iliyopitia vita, chama na mafuriko ilikuwa inafutwa kwa sababu ya gari lililozima barabarani, bila mpira kupigwa hata teke moja. 

Ng'ambo walikwishaelewa. Lőrinc, rafiki wa Ambrus tangu utotoni na mdomo mkubwa kuliko yote Chini, akasimama na chupa yake.

"Shemeji Bori! Ingia wewe! Hata na gauni tutakukubali!"

"Nikiingia mimi utakosa pa kuficha huo uso wako!" nilimjibu. "Kaa unywe bia yako!"

Walicheka. Ambrus, aliyekuwa ameketi karibu naye, hakucheka. Alikuwa ananitazama, na siku ya mechi huwa hanitazami. Akavua kofia yake ya njano, akampa Lőrinc aishike.

"Unakwenda wapi?" Lőrinc akamwuliza. "Choo kiko upande huu."

Ambrus akainuka. Alikatiza uwanja katikati kabisa, polepole kwa sababu ya goti lake, na kelele zikapungua kadiri alivyotembea. Alipofika kwa Dezső akanyoosha mkono.

"Nipe jezi."

Dezső alimkodolea macho. "Ambrus, usinitanie. Siku ya leo sina moyo wa utani."

"Nikikutania huwa unacheka. Nipe ya golikipa, kukimbia siwezi."

"Msaliti!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye miplamu. Mwingine akasema, "Mzee amechanganyikiwa kwa jua!"  Lőrinc alikaa tu na kofia ya rafiki yake mapajani.

Jezi ilikuwa ya kijana mwembamba. Ilimkaa Ambrus mpaka kwenye kitovu, tumbo likabaki nje. Machozi yakanijia yenyewe.

"Bori, usianze kulia," alisema akivuta kile kitambaa kishuke. "Ukilia naivua."

"Silii. Ni vumbi."

"Haya. Na hatusemeshani, mechi haijaisha."

Akaenda kusimama golini, upande wa kanisa. Nilipomwona amesimama pale, na kijani mwilini, kati ya milingoti miwili aliyoichonga baba, ilibidi nikae chini kwenye nyasi.

Nisidanganye watu, tulitandikwa. Saba dhidi ya kumi na mmoja, na golikipa mwenye miaka sitini na kitu. La kwanza lilipita katikati ya miguu yake. La pili hakuliona. La tatu alilirukia baada ya kuingia, kwa heshima tu nadhani. Lakini vijana wetu sita walikimbia kama wana deni na ule uwanja, na kila mpira ulipompita Ambrus aliuokota wavuni mwenyewe, akaupangusa kwenye tumbo, akaurusha mbele akiwaambia, "Twende, twende, bado mapema!"

Wakapata penalti. Mpigaji alikuwa mtoto wa Lőrinc, kijana mwenye mguu mzito ambaye Ambrus alimfundisha mpira mwenyewe. Ambrus akatema mate kwenye viganja, akainama. Kijana akapiga, Ambrus akaangukia upande usio wenyewe kama gunia la viazi, na mpira ukagonga mlingoti ukatoka nje.

"Huo mlingoti ni wetu!" nilipiga kelele nikiwa nimesimama juu ya benchi. "Ni wetu! Unatujua!"

Uwanja mzima ukacheka, mpaka wale wa njano, na kutoka kwenye miplamu nikamsikia Lőrinc akiita kwa sauti iliyokauka, "Ambrus! Inuka, mzee, umeokoa!" Hakuwa ameokoa chochote, lakini aliinuka na kupunga mkono.

Sita kwa bila. Refa alipopuliza, wa Chini walikwenda kuwapa wetu mikono, na kijani kikaisha hapo, saa kumi na mbili kasorobo, kikiwa uwanjani kimejaa vumbi magotini. Nililia. Lakini nililia vile mtu anavyolia msibani penye watu wengi, si vile anavyolia peke yake.

Nikaenda nyumbani kwa mama kwa desturi, nikawasha jiko. Tumefungwa, mwenye kuoka ni mimi. Nilipanga pogácsa kwenye sahani, nikafunika kwa taulo, nikashika njia ya tuta kuelekea Chini. Jua la Juni lilikuwa bado halijazama na vyura walikwishaanza kulia huko kwenye matete.

Nilipofika katikati nikaona mtu anakuja kutoka upande wa pili anachechemea. Alikuwa bado na ile jezi ya kijani, tumbo nje, na mikononi amebeba sahani iliyofunikwa kwa taulo.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwako. Nimefungwa sita, au hukuwepo?"

"Nyinyi mmeshinda, Ambrus."

"Wao wameshinda." Akaweka sahani chini kwenye nyasi, akakaa kando yake kwa kuugulia goti. "Mimi ni golikipa wa Juu."

Nikakaa naye. Nikafunua taulo lake. Ilikuwa Jumapili, mwoka mikate alikuwa amefunga duka. Vilikuwa vipande vyeusi vya umbo lisilojulikana, vingine vimeshikana, na kidole chake kimoja kilikuwa na malengelenge.

"Umeoka mwenyewe?"

"Nimeoka kama siku zote," alisema bila kunitazama.

Nilichukua kimoja nikakila. Chumvi alikuwa ameisahau kabisa. Nikamwambia ni vizuri, kama siku zote.

Tulikaa. Mto ulikuwa unapita chini yetu kimya, kana kwamba haujawahi kuiba kitu. Ambrus alikuwa anachezea pindo la jezi.

"Mzee Vince angesemaje leo?" akauliza.

"Angesema lile la kwanza hata mama yangu angelidaka."

"Ni kweli."

"Halafu angekuita mwanangu."

 Ambrus akajipangusa macho kwa mkono wa jezi, na mimi sikumwuliza kama ni vumbi. Kisha akazitazama sahani mbili pale kwenye nyasi, yangu na yake, katikati ya tuta.

"Basi imekuwa sare," alisema, akachukua moja ya zangu.