Mkoromo wa Mume

Jamani, kulala tu kulimponza mtu! Mama Pacha, aliyeigiza mke katika ile tamthilia ya kila Ijumaa, alipakwa wanja na rangi ya mdomo, akalazwa kitandani, nywele zikatandazwa vizuri juu ya mto. Alitakiwa afumbe macho tu. Lakini pacha wake walikuwa hawajamwacha alale tangu juzi, na mto ulikuwa laini. Kamera ilipowashwa akapitiwa na usingizi wa kweli, mdomo wazi, akakoroma chumba kizima kikasikia.

Mwongozaji akaja juu. Akasema mke katika tamthilia yake halali hivyo; anayekoroma ni mume, watu wanacheka, basi. Kesho angetafuta mwingine anayejua kulala kike. Mama Pacha akaamka, akaelewa kwamba kazi imemponyoka, machozi yakaharibu wanja wote.

Fundi wa sauti alikuwa nyuma ya mitambo yake, akisikia yote. Mkoromo wa yule mume wa tamthilia ulikuwa gumzo mitaani. Watoto waliuiga, watu waliuweka kwenye simu. Siri yake aliijua yeye peke yake, na aliificha kwa kuogopa kuchekwa. Leo ilimwasha ulimini. Akaufungulia, ukajaa chumba kizima, na mwongozaji akatabasamu pamoja na hasira zake.

"Mnasikia? Huo ndio usingizi wa kiume."

"Huyo ni mimi, mwanamke kama Mama Pacha," fundi akasema. "Wanaume wote niliowarekodi hawakunifikia."

Mwongozaji akamgeukia mwigizaji wa mume kama anayeomba msaada. Yule bwana akajikuna kidevu, akakiri kwamba yeye hulala tuli kama maji mtungini, na mkewe humtikisa kuhakikisha yu hai. Hapo watu wakaangua kicheko, mwongozaji naye akashika mbavu. Alipopata pumzi akaagiza kamera iwashwe tena: safari hii mke akorome, mume ndiye akeshe.

Lakini wapi! Mama Pacha alikuwa na furaha mno, macho kodo, usingizi wote umeruka.

"Shoga," akamwita fundi, "niazime wako."

Fundi akaufungulia. Mama Pacha akafumba macho, akaachama, na ule mkoromo, baada ya miaka yote ile, ukaonekana ukitoka kinywani mwa mwanamke. Fundi akacheka huku machozi yakimtoka.