Matumbawe ya Hana

Matumbawe laini hayana haraka. Kila asubuhi nikiwasha taa ya tangi la kioo, hukaa kwanza yamejikunja kama ngumi, halafu hufungua vidole kimoja kimoja na kuanza kuyumba majini. Binti yangu Hana ndiye aliyeyaleta hapa Chang'ombe, tukamcheka: Dodoma hii, mtu anafuga bahari sebuleni! Mimi nilicheka kuliko wote. Alipofariki mwezi Machi nikajifunza kila alichokuwa akifanya: kununua maji yaliyochujwa, kuyakoroga na chumvi yake maalumu, kupima, kumimina taratibu. Hakuacha mtoto. Aliacha hayo.

Wiki iliyopita nilishinda Ihumwa kwenye ujenzi wa mdogo wangu. Niliporudi jioni, tangi lilikuwa linang'aa. Mbele yake aliketi mama yangu, aliyekuja wakati wa msiba kutoka Kibakwe na kukataa kuniacha peke yangu. Kanga yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekupunguzia kazi. Maji yalikuwa yamechakaa, nikateka nusu, nikajaza mapya."

"Umejaza ya wapi?"

"Ya bombani. Usihofu, niliyaonja kwanza. Yana chumvi, kama yale ya Hana."

Ni kweli, maji ya mtaa wetu yana chumvi, hata kwenye chai unaisikia. Lakini ni chumvi ya ardhini, si ya bahari, tena yametiwa dawa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Kisha nikaiona mikono yake, imekunjamana kwa maji, na ndoo mbili alizozibeba kwa umri ule.

"Asante, mama," nikasema.

Alipokwenda kuoga nikakoroga maji yote ya akiba, nikabadilisha niliyoweza.

Asubuhi nikawasha taa. Yalikuwa yamelala chini, yameyeyuka, yanateleza kama mlenda. Nilisimama pale nikilia bila sauti, nikimlilia Hana upya, kama vile ndiyo kwanza nimepigiwa simu.

Mama akaja nyuma yangu. Macho yake siku hizi hayaoni mbali.

"Hayajaamka?"

"Bado, mama. Leo yamechelewa."

"Basi tusiyapigie kelele. Hana naye alikuwa hapendi kuamshwa."

Akaenda jikoni akinyata. Nikamsikia akiteleka sufuria ya chai polepole sana, isije ikalia.