Babu Mstari

Wanafunzi wake walimwita Babu Mstari, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka ishirini na mbili rubani huyu aliwaimbia wimbo mmoja: kwenye uwanja wenye njia mbili za kurukia zilizobanana, ukishatua ya kwanza usishike jambo jingine mpaka uvuke ya pili. "Mstari wa njano kabla ya njia ni ukuta! Orodha ya ukaguzi haina miguu, itakungoja."

Kumbe mganga hajigangi.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, jua kali, alitua salama akatoka njia ya kwanza. Mnara wa kuongozea ndege ukamwamuru asimame kabla ya njia ya pili. Rubani msaidizi, binti aliyemfundisha mwenyewe, akaitikia redioni. Kati ya njia hizo mbili nafasi ni kiduchu, nao walikuwa wamechelewa. Babu Mstari akaagiza orodha isomwe, akainamia swichi zake, ndege ikizidi kwenda. Breki ziliposhika ghafla akainua macho. Pua ilishavuka mstari, na ndege nyingine iliyokuwa ikiruka njia ya pili, imejaa watu, ikawapita juu kwa ngurumo, nusura iwaguse. Hakufa mtu. Ni Mungu tu.

Wakasimamishwa kazi wote wawili. Kwenye maelezo yake, mtu mzima na mvi zake, akaandika: "Msaidizi wangu hakunitahadharisha." Na aliamini, jamani! Hofu ya kupokonywa leseni ilimwandikia, yeye akatia sahihi.

Wiki ya tatu wakaitwa mbele ya wachunguzi. Meza ndefu, feni inayolalamika, na spika ndogo katikati. Wakawasha sauti zilizonaswa ndani ya ndege.

"Mwalimu, mstari." Ilikuwa sauti ya binti. Kisha kwa nguvu: "Mwalimu, mstari!"

"Wewe soma orodha, mama, acha woga," ikajibu sauti yake mwenyewe, inacheka.

"Na breki alizikanyaga msaidizi wako," mwenyekiti akasema, akimsogezea karatasi ya maelezo yake.

Babu Mstari hakuiwaza tena leseni. Alijiona mchafu, na hakujua pa kujificha.

Wakitoka, akakutana na binti mlangoni. Alitamani binti amtukane, amtemee mate, lolote lile. Binti akainamisha kichwa kidogo, kama alivyozoea darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mdomo ukafunguka, marahaba ikakataa kutoka. Binti akangoja kidogo, kisha akaenda zake.